Pazia Katikati ya Diski

Diski ya kompyuta yangu niliinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba itaishi kunishinda. "Hii ni chuma, buda," aliniambia, akiigonga kwa ukucha. "Hii itakuzika." Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimemshusha bei mpaka karibu nusu, na mtu aliyeshushwa hivyo, nilidhani, hana tena nguvu ya kudanganya. Siku hizi najua kwamba muuzaji anayekubali upesi hajashindwa. Anakimbiza bidhaa kabla haijamfia mkononi. Lakini siku ile nilitoka mjini nikipiga mluzi, nimefunga chuma changu kwenye gazeti kama mtu aliyenunua nyama ya Krismasi.

Nilikuwa mpiga picha Gatwekera, ndani ya Kibera. Studio yangu ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye mlango wa bluu, kiti kimoja cha heshima, tai moja ya kuazimisha wateja, na ukuta uliochorwa ndege ikipaa. Ndege ile ilisafirisha watu wengi. Hakuna fundi wa mawe wala mama wa mboga mtaani ambaye hakusimama mbele ya ngazi zake, ameshika mkoba wangu mtupu, kama mtu anayevuka bahari kesho asubuhi. Miaka mingi nilitumia filamu. Kisha nikapata kamera ya dijitali, printa ndogo, kompyuta iliyotumika, na ile diski ya kunizika, nikaamua filamu ni ushamba. Negativu zangu zote niliwagawia watoto wa ploti, wakazitumia kutazamia jua.

Nisidhaniwe mzembe. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Nikinunua mayai nahesabu dukani, nahesabu tena nyumbani, na yakizidi sisemi. Kwa hiyo picha za wateja sikuziachia nakala moja. Kompyuta ilinionyesha sehemu mbili za kuhifadhi, moja imeandikwa C, nyingine D. Kila jioni nilinakili picha za siku kutoka C kwenda D. Kisha nafungua C, nahesabu. Nafungua D, nahesabu. Zikilingana nafunga mlango nikijiona benki. Mteja akiuliza kama picha yake iko salama nilimjibu kwamba iko mara mbili, na jibu hilo liliniletea sifa mpaka ng'ambo ya reli.

Sasa, mtu wa Gatwekera ndiye wa mwisho kustahili kudanganyika hivyo. Niliwahi kupanga nyumba ya vyumba viwili ambayo, nilipoingia na godoro, nilikuta ni chumba kimoja kilichokatwa katikati na pazia la maua. Landlodi alinishangaa kwa kulalamika. Akaniambia nihesabu mwenyewe: huku kitanda, kule jiko, moja, mbili. Nikahesabu. Nikahamia. Baada ya mwaka, na mimi nilikuwa nawaambia wageni wanisubiri chumba cha mbele.

Diski ilianza kulia wiki zile za kuelekea uchaguzi. Haikuwa kelele kubwa. Ka, ka, ka, kisha kimya, kama mtu anayebisha kwa adabu nyumba ambayo anajua mwenyewe yumo. Stima yetu ilikuwa ya kuunganishwa kutoka kwa jirani wa jirani, inakuja na kuondoka bila kuaga, na kila ilipokatika ghafla diski iliamka inalia zaidi. Kinyozi wa mlango wa pili alinishauri niongeze sauti ya redio. Nikaongeza. Redioni nako kulikuwa na watu wanagongagonga tangu asubuhi, kila mmoja akisema mwenzake akishinda nchi imekwisha, na hakuna aliyewachukua kama onyo. Tuliwachukua kama burudani. Tulikuwa mtaa mzima wenye masikio mazuri na redio kubwa.

Kura zikapigwa. Halafu zikahesabiwa, na hapo kwenye kuhesabiwa nchi ikagawanyika. Mimi sina la kuongeza, ila kwamba kwa mara ya kwanza maishani tabia yangu ya kuhesabu mara mbili ilionekana ya kisiasa. Mteja mmoja alinikuta narudia kuhesabu picha zake nne za pasipoti, akarudi nyuma hatua moja na kuniuliza niko upande gani.

Moshi ulipoanza kupanda karibu na reli, kila mtu alibeba alichokiona cha thamani. Kinyozi alibeba kioo. Mama wa chumba cha tatu alibeba mlango wake. Mimi nilitoa bisibisi, nikafungua kompyuta, nikachomoa diski, nikaifunga kwa sweta na kuitia ndani ya sufuria yenye kifuniko. Kamera niliivaa chini ya koti. Sehemu nyingine yote ya kompyuta niliiacha, maana bila diski kompyuta ni sanduku lenye waya. Nikaanza safari kwa miguu kwenda Kawangware, upande wa Gatina, kwa binamu yangu.

Njiani kulikuwa na vijana waliofunga barabara kwa mawe na tairi. Walikuwa wanauliza kila mtu kwao ni wapi, ili wajue kura yake ilikwenda upande gani. Kwetu ni Kitui, jibu ambalo mwezi ule lilikuwa baya kwa kiasi tu: pande zote mbili zilikuona kama mtu ambaye bado ana nafasi ya kukosea. Wakaniambia nifungue sufuria.

"Hii ni nini?" mmoja akauliza, akiitoa diski kwenye sweta.

"Picha."

"Za nani?"

"Za Gatwekera. Hata yako imo."

Akaniangalia vizuri, na hapo tukatambuana; alikuwa amepanda ndege yangu Pasaka iliyopita, amevaa tai yangu. Akaiweka diski sikioni, akaitikisa kama mtu anavyotikisa kiberiti kujua kama kimebaki njiti. Wenzake nao wakataka. Ilipita mikono minne, kila mmoja akitikisa na kusikiliza kwa makini, na wa mwisho akasema amejisikia mle ndani. Mimi nilisimama nimeshika kifuniko cha sufuria. Nimebishana na nusu ya Nairobi juu ya vitu vya kila aina, lakini pale nilihesabu tu mitikisiko yao.

"Pita, mpiga picha," yule wa Pasaka akasema, akinirudishia. "Ile yangu ichunge poa."

Gatina nilipokelewa vizuri, ila sufuria haikupokelewa. Mke wa binamu aliitaka ya kupikia githeri, mimi nikakataa isifunguliwe, naye akaipandisha juu ya kabati. Ikakaa pale mwezi mzima, imefunikwa, kama mgeni ambaye hakuna anayejua atalala mpaka lini. Watoto waliambiwa wasikimbie karibu nayo. Mama mkwe wa binamu alipokuja kusali aliiombea, akidhani ni mambo ya ukoo wetu.

Mwezi wa pili, watu walipoanza kurudi kazini kwa kuchungulia, asubuhi moja akaja mama mmoja muuza samaki kutoka Gatwekera. Alikuwa ametembea kutoka Kibera akiulizia mpiga picha mwenye sufuria, na Gatina nzima ilijua pa kumwelekeza. Mumewe, fundi wa mawe, alikuwa mteja wangu na mpinzani wangu bora katika kupatana bei. Alikuwa amefariki wiki iliyopita. Kifua, akaniambia, hospitalini, si vita. Alilisema hilo haraka kama anayeomba radhi, kwa maana siku hizo kifo cha kawaida kilikuwa kinahitaji maelezo. Nyumba yao ilikuwa imeungua Januari, pamoja na albamu, kitambulisho, na kila kitu kilichokuwa na uso wa mumewe. Siku ile ilikuwa Jumanne. Gari la kupeleka mwili nyumbani, upande wa ziwa, lingeondoka Ijumaa.

"Kwetu picha hutangulia," akasema. "Jeneza linafuata. Wazee wanasimama barabarani kuangalia ni nani anakuja. Sasa huyu ataingia bomani bila uso? Mpiga picha, wewe mwenyewe ulituambia ziko mara mbili."

Nikamwambia ziko mara mbili. Nikamwambia anywe chai kwanza. Kisha nikapanda kiti nikateremsha sufuria.

Kule Kawangware, kituo cha 46, kulikuwa na fundi wa simu, redio, na kwa ujasiri, kompyuta. Kibanda chake kilikuwa kimebanana na bucha ukuta kwa ukuta. Akaiunganisha diski kwenye mashine yake. Ka, ka, ka. Akazima redio zote tatu alizokuwa akitengeneza, akainama akasikiliza. Akatueleza kwamba ndani ya kile chuma kuna sahani inayozunguka kwa kasi, na mkono mdogo unaoisoma bila kuigusa, na kwamba diski ikianza kulia hivyo inaaga; mwenye akili huhamisha vitu vyake siku hiyo hiyo. Akauliza ilianza kulia lini. Nikamwambia juzijuzi. Akauliza kama ilitikiswa. Nikamwambia mimi sikuitikisa, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Kisha, kwa sauti ya mtu mwenye karata iliyofichwa, nikamwambia asihangaike sana na C. Kama C imekwisha, atoe tu zile za D.

"D iko wapi?" akauliza.

"Si imo humo humo."

Akaweka bisibisi mezani polepole. Alikuwa na adabu. Alimwangalia mama muuza samaki kwanza, kama daktari anavyotafuta jamaa wa karibu.

"Mzee, C na D ni chumba kimoja kimetiwa pazia," akasema. "Moto ukiingia, unafikiri utapiga hodi kwa pazia?"

Nimewahi kupigwa bei, nimewahi kuuziwa redio isiyo na kitu ndani, lakini sijawahi kuibiwa na mtu ninayemjua vizuri namna ile. Karibu miaka miwili nilihesabu picha zile zile kila jioni, mara ya kwanza nikiwa upande wa kitanda, mara ya pili nikiwa upande wa jiko. Fundi akaendelea kunieleza, bila haraka, kwamba nakala ya pili hukaa kwenye diski nyingine, na hiyo diski nyingine hukaa nyumba nyingine, ikiwezekana mtaa mwingine, ili mwizi, moto au stima mbaya ikitembelea moja isiikute ya pili. Kwa mfano, akasema, ungekuwa na moja Kibera na moja hapa kwa binamu. Nilimuuliza kama hakuna namna ya kupatana. Akasema namna ipo, lakini haina sayansi nyingi: baridi. Chuma kikipata baridi kali hujikunja kidogo, na wakati mwingine diski hukupa dakika chache za mwisho, kama mgonjwa anayeamka kuomba uji.

Ndivyo diski yangu ilivyoingia friza ya bucha. Tuliifunga mifuko miwili ya plastiki isiingie maji. Mwenye bucha alikubali kwa masharti ya picha ya familia, akailaza kati ya matumbo na kichwa cha mbuzi, na wateja walipouliza ile nyeusi ni kilo ngapi, aliwaambia hiyo imeshanunuliwa. Mama muuza samaki alikaa kwenye benchi nje, anaangalia mlango wa friza jinsi watu wanavyoangalia mlango wa wodi. Niliketi karibu naye. Nikahesabu ndoano za nyama. Zilikuwa kumi na moja. Mara ya pili pia.

"Sasa wako wawili kwenye baridi," akasema, bila kunitazama. "Mmoja mochari, mmoja hapa. Na wote wananingoja mimi."

Mchana fundi akaitoa, akaipangusa, akaiunganisha upesi. Ikazunguka. Haikulia. Kwenye kioo cha mashine yakatokea majina ya picha zangu, safu kwa safu, na fundi akaanza kuzivuta upande wake jinsi zilivyokuja, kwa sababu hapakuwa na muda wa kuchagua. Mama alisimama nyuma yetu, mkono wake juu ya kiti changu. Ya kwanza kutoka ilikuwa ukuta wa ndege, bila mtu. Nilikuwa najaribu mwanga. Ya pili ukuta tena. Ya tatu mbuzi amevaa tai, kwa sababu ya dau la wateja wawili ambalo sina nafasi ya kulieleza. Kisha mtoto wa kinyozi, analia. Kisha yule kijana wa Pasaka aliyejisikia vizuri kwenye ngazi. Kisha ukuta. Kisha mimi mwenyewe, natabasamu. Halafu ka, ka, kaaa, kama kijiko kwenye sufuria kavu, na kimya.

Zilikuwa saba. Nilizihesabu mara mbili. Fundi alijaribu tena, akairudisha friza, akajaribu jioni, diski haikusema neno. Muuzaji aliniapia kwamba itanizika. Mimi ndiye niliyeizika, tena nikiwa bado najivunia nilivyoipata kwa bei nusu.

Nilimgeukia yule mama nikiwa na maneno ya pole ambayo nilijua hayana thamani. Hakuwa analia. Alikuwa anafikiri.

"Na ile aliyoikataa?" akauliza.

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Mumewe alipokuja kupigwa picha, tulibishana bei akiwa tayari amekaa kwenye kiti, na mimi nikabonyeza katikati ya ubishi nikidhani amenyamaza. Ikatoka jicho moja limefumba, mdomo wazi, kidole juu. Nikaichapisha bila kuiangalia. Alipoiona aliirudisha mezani akasema, "Huyu ni shemeji yangu." Nikamwambia ni yeye. Akasema shemeji yake ana sura hiyo hiyo na hana adabu vile vile. Tulivutana siku mbili, mwishowe nikampiga nyingine bure, akiwa ametulia kama askofu. Hiyo ya askofu ndiyo iliyoingia albamu yao, na C, na D. Ya shemeji niliibandika kwenye ubao nyuma ya mlango, pamoja na nyingine zote zilizokataliwa na wenyewe. Ubao ule ulinifaa: mteja akiona nyuso zile, alikaa bila kutikisika.

Kesho yake, Jumatano, tulishuka Gatwekera pamoja. Mlango wa bluu haukuwapo. Kiti hakikuwapo, wala tai, wala printa, wala sanduku lenye waya. Hata mabati ya ukuta wa nyuma yalikuwa yameng'olewa, kwa hiyo ndege yangu ilikuwa imeondoka kweli. Katikati ya sakafu tupu ulilala ubao wa picha zilizokataliwa, chali, na nyuso zake zote zimekamilika. Hakuna aliyechukua hata moja. Wezi nao walikuwa na macho.

Mama alipiga magoti akamtafuta mumewe kwa kidole mpaka akamfikia. Akamtazama kwa muda. Kisha akajifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kucheza, na nilichukua dakika nzima kujua kwamba anacheka.

"Hapa alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema nipunguze."

"Na ulipunguza?"

Ningeweza kudanganya. "Sikupunguza, mama."

"Basi leo utapunguza," akasema, akaibandua kwenye ubao taratibu, pembe moja baada ya nyingine.

Niliipiga picha ile picha palepale nje, kwenye mwanga mzuri, imeegemezwa kwenye ndoo ya kinyozi, aliyekuwa amerudi na kioo chake kizima. Nilipomuuliza ukubwa wa kuchapishwa mjini, aliniambia nitoe mbili. Moja angeibeba mbele ya jeneza, nyingine ingebaki kwa dada yake Kawangware. Barabara bado hazijatulia, akasema; gari likipata shida njiani, uso mmoja ubaki nyumba nyingine. Sikumwambia kwamba nililipia somo hilo kwa fundi jana yake, na kwamba yeye alikuwa nalo bure. Alhamisi nilizichukua dukani zikiwa ndani ya fremu. Nikahesabu: moja, mbili. Niliipeleka moja Gatina kwa dada yake kwa mkono wangu, nikarudi Gatwekera na nyingine, na njia yote ile nilikuwa nasikia umbali kati ya picha hizo mbili miguuni.

Mama alipouliza bei, nilimwambia aliyemo ndani ya fremu ameshamaliza kupatana.

Alirudi mjini karibu na Pasaka, akanipitia na kikapu cha omena, dagaa wa ziwani. Akanieleza kwamba wazee walisimama barabarani kama ilivyo desturi, picha ikawafikia kwanza, nao wakaiangalia sana. Wakamuuliza mbona jicho moja, na kidole kile anamwonyesha nani. Akawaambia alikuwa anapatana bei na mpiga picha wa Nairobi. Mzee mmoja akataka kujua nani alishinda.

"Nikamwambia ni yeye," akasema.

Sikumsahihisha.